Nilimwonea Haya Mama Nesi, Nikamharibia Tasnifu

Jamani, kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsingizia. Nimelibeba mwaka mzima, leo nalitua.

Mie nina kituo kidogo hapo Mwenge. Tunawasaidia wanafunzi wa uzamili wa afya kuandika tasnifu zao: manesi, madaktari, wafamasia. Sheria yetu ni moja tu, hatumwandikii mtu. Tunamuuliza maswali, kalamu anashika mwenyewe. Aliyeitunga sheria ni mie, na aliyeivunja ni mie. Aibu gani hii!

Akaja mama mmoja kutoka Kiwalani, nesi wa miaka mingi, umri wa mama yangu mzazi. Tasnifu yake ilihusu kwa nini wajawazito wanachelewa kuanza kliniki. Kwenye matokeo kaandika bila kupepesa macho: wanachelewa kwa sababu manesi tunawafokea, na mimi ni mmojawapo.

Weee! Nikaona hapa jopo la watahini litamla mzima mzima. Ilitakiwa nimwambie, "Mama, hii aya haijakaa, tuijadili." Sasa mtu nimetoka kumwamkia shikamoo, nitamwambiaje arudie kazi? Haya ikanishika. Nikasema, "Iko vizuri sana, mama." Alipoondoka tu nikafungua faili lake, nikafuta sentensi ile, nikaweka "changamoto za mawasiliano baina ya mtoa huduma na mteja." Nikajiona fundi! Naye alikuwa na haraka ya kuwasilisha, hakuisoma tena. Aliniamini.

Siku ya kuitetea, wanawe wameshashona sare za kitenge, pilau liko jikoni. Profesa akauliza, "Changamoto zipi hizo?" Mama akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Haya maneno siyo yangu. Mie niliandika tunawafokea."

Jopo likamrudisha akaandike upya, na mahafali ya mwaka ule yakampita hivi hivi. Pilau lililiwa kimya kimya, ungedhani msibani.

Nikaenda Kiwalani kuomba radhi. Mama akaniangalia, akacheka mpaka akashika mbavu. "We mtoto, nimezalisha wanawake miaka yote hiyo, unadhani nitazimia ukiniambia nimekosea? Kesho nakuja, na unisahihishe kweli!"

Akaja. Nikamwambia ile aya yake ya kufokea haina ushahidi wa kutosha. Akanuna, akasonya, akaiandika upya mara nne, akaweka na maneno ya wale wajawazito wenyewe. Safari ya pili alipita, na jopo likasema sura ile ya matokeo ndiyo iliyombeba. Aliponipigia simu nilipiga vigelegele, mwanaume mzima!

Lakini mwaka wake ulishapotea, na niliyeupoteza ni mie. Nyie mnaowasaidia watu wazima kuandika, msinifuate ujinga. Kama kweli unamheshimu, mwambie usoni kwamba hapa bado. Atanuna, ataandika upya, na siku akiulizwa atajibu mwenyewe.