Kandambili Mlangoni

Watu wananiambia nisamehe, yamepita. Nimesamehe mengi, hata niliyofanyiwa mimi mwenyewe. Hili silisamehi, na kila nikilikumbuka damu inanichemka upya, kana kwamba bado mimi ni yule msichana wa shule aliyekaa benchi la nyuma na gauni lake la Jumapili.

Ilikuwa miaka ile ya vita ng'ambo ya ziwa, maboti yakifika Kigoma yamejaa watu na magodoro. Walioshuka walipelekwa kambini kwa malori, lakini wengine walikaa mjini kwanza, kwa ndugu au kwa yeyote mwenye chumba. Kwetu, mtaa wa Rusimbi, mama alimpokea mwanamke mmoja kutoka pande za Uvira. Alifika peke yake. Mwanawe mdogo alifia njiani kwa homa, wakamzika ufukweni, mahali ambapo hata jina lake hakulijua, bila mchungaji wala wimbo, maana mwenye boti alikuwa anafoka waondoke.

Kwao alikuwa shemasi. Kazi yake ilikuwa kuosha vikombe vya Meza ya Bwana, na maji aliyooshea aliyamwaga kwenye kona ya ukuta wa kanisa, watu wasije wakayakanyaga. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo. Kila Jumamosi wanawake waliisiriba sakafu kwa mikono yao, na Jumapili hakuna aliyeingia na viatu, mchungaji akiwemo. Alipotueleza hayo hakuwa anajisifu. Alishangaa tu kwamba sisi tunaingia na matope ya mitaa ya Mwanga mpaka mbele ya madhabahu.

Na kweli, alikuwa mcha Mungu kwa namna ambayo sisi hatukuizoea. Sisi jina la Mungu lilikuwa mdomoni muda wote, ukijikwaa unalitaja, ukibisha unalitaja. Yeye akilitaja alishusha sauti. Siku moja kuku alimwaga unga wa mama, mama akapiga kelele, "Mungu wangu, kuku huyu!" Yule mgeni wetu akaacha kupepeta mchele, akamtazama.

"Dada, umeshamwita," akasema taratibu. "Utamwambia nini?"

Mama alicheka, halafu akaacha kucheka.

Sasa mtazame mzee wetu wa kanisa, mkubwa wa wazee wote. Alikuwa anauza mawese soko la Mwanga. Mawese yaliyolala aliyapasha moto, akayachanganya na mapya kidogo, na ukimuuliza anakuapia: "Haki ya Mungu aliye hai, yamekamuliwa juzi." Ukifika nyumbani ukayaweka jikoni, nyumba nzima inanuka uchachu. Soko zima lilijua. Na Jumapili mtu huyohuyo alivaa koti, akashika sahani ya mkate wa Bwana, akatuonya tusije tukala isivyostahili. Mkavu wa macho, yule mzee! Hakupepesa hata kidogo.

Ikakaribia Jumapili ya Meza. Mama alipika mkate, usio na hamira, kama kawaida yake. Mgeni wetu alifunga tangu Ijumaa. Alimwambia mama kwamba tangu amzike mtoto hajashiriki, na kwamba akishiriki ndipo moyo wake utakapokubali kuwa mwanawe yuko mikononi mwa Mungu, hayuko mchangani tu. Hicho ndicho alichokitaka. Hakuomba kitu kingine kwa kanisa letu, si sabuni, si nguo.

Jumapili za nyuma alikuwa akivua kandambili zake mlangoni, na watu wakaishia kunong'ona. Siku hiyo alizivua, akazipanga vizuri pembeni, na mzee wa mawese alikuwa amesimama palepale akikaribisha watu.

"Hapa si msikitini," akamwambia. "Vaa viatu, mama."

Mjini kwetu hilo lilikuwa neno zito. Kigoma-Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani. Tuliishi nao ukuta kwa ukuta, tukala pilau yao sikukuu, wakaja kwenye misiba yetu, lakini ndani ya kanisa tuliogopa kufananishwa nao kuliko tulivyoogopa dhambi. Wanawake wa kwaya walikuwa wameshaanza kusema labda huyu ni Mwislamu aliyejificha kwetu afuate misaada. Mwanamke aliyeosha vikombe vya Bwana nusu ya maisha yake!

"Kwetu tunavua, Mzee," akajibu.

"Kwenu ni kwenu. Meza hii ni takatifu, siruhusu vituko. Vaa uingie, au kaa hapohapo nje."

Najua mtu atasema si angevaa tu, yaishe. Mama alimwambia hivyohivyo, "Vaa dada, Mungu anaujua moyo wako." Akajaribu. Niliuona mguu wake ukiingia kwenye kandambili, ukakanyaga kizingiti, ukarudi. Akamgeukia mzee, wala hakuwa na ukali.

"Mzee, miye naogopa. Weye hauogope?"

Mzee alicheka. Pale mlangoni pa nyumba ya Mungu, alicheka! Mchungaji alikuwa karibu, alisikia kila neno, akajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Nilitamani kitabu kile kimwangukie vidoleni. Mgeni wetu akashuka, akakaa kwenye ngazi.

Ndani tukaimba kuhusu utakatifu, tena kwa sauti zote nne. Sahani ilipoanza kupita, mama aliinuka ghafla akatoka, nami nikamfuata mbio. Nilifurahi. Nilijua sasa patachimbika.

"Umekula?" mgeni wetu akamuuliza.

"Sili. Siwezi kupokea kwa mkono wa mtu yule."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alisimama, kidole kinamwelekea mama yangu aliyempa chumba na sufuria.

"Ile meza ni ya yule mzee? Ni yeye alikufa kwa ajili yako? Rudi ndani, dada. Usimfanyie Mungu vile kwa sababu yangu."

Mama akarudi ndani. Mimi nilibaki mlangoni, nikawa nawaona wote wawili. Sahani ilikuwa imefika benchi letu, mkononi mwa mzee. Mama akainama, akaupokea mkate alioupika mwenyewe kutoka kwenye mkono uleule uliomzuia mwenzake, akautia kinywani huku machozi yanamtiririka.

Nikageuka nje. Mgeni wetu alikuwa amekaa tena kwenye ngazi, miguu mitupu, macho ameyafumba. Viganja vyake alikuwa amevikinga mbele yake, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayesubiri kupewa.

Sahani ilizunguka mabenchi yote, ikarudi madhabahuni, ikafunikwa kitambaa. Hakuna aliyemletea.