Kiazi Mfukoni mwa Koti Jeupe

Kuna mtu sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe.

Alikuwa msimamizi wetu wa mafunzo hospitalini Homa Bay, wakati nasomea fiziotherapia. Kazi yetu ni ya mikono, na mikono yangu ilikuwa na tabia mbaya: nikiingiwa na woga, inakuwa baridi. Ukimshika mgonjwa wa mgongo kwa mikono ya baridi, misuli inakaza na hutambui lolote. Kila mwanafunzi alikuwa na woga wake na dawa yake. Mmoja alijifungia chooni aombe, mwingine alisinzia kila alipopata kiti. Mimi nilinunua kiazi kitamu cha moto kwa mama wa pale getini, nikakitia mfukoni mwa koti jeupe, nikakishikashika hadi zamu yangu ifike. Kilinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, msimamizi aliuona mfuko umevimba. Akatia mkono bila kuniuliza, akakitoa kiazi na kukiinua juu, wagonjwa wote wakione.

"Hii ni kliniki ama soko ya Kosele?" akauliza.

Watu wakacheka. Akakitupa kwenye pipa, akaniamuru nianze. Mgonjwa wangu, mama mzee wa Rusinga, alishtuka nilipomgusa. "Ng'ich, nyathina," akasema kwa upole, yaani, kwa Kijaluo, ni baridi, mwanangu. Upole wake haukunisaidia kitu. Msimamizi aliwageukia wenzangu akawaambia kwamba mgonjwa haguswi na mikono ya woga, kisha akanifelisha.

Wenzangu walivaa majoho bila mimi. Nilirudia mafunzo yote, na nisiseme uongo, si maombi wala usingizi ulionivusha. Ni hasira. Kila nilipotaka kufunga kitabu nilimwona akiinua kile kiazi, nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa nafanya kazi Migori. Mwezi uliopita msimamizi yule aliingia chumba changu cha matibabu amepinda kiuno, akijishikilia ukutani. Hakunikumbuka hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha siku ile.

Nilimkaribisha kwa heshima zote, nikamwomba avue shati na kulala kifudifudi. Nikaenda kwenye sinki na kufungua bomba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na maji yalikuwa baridi kweli. Niliyaacha yapite vidoleni bila haraka, huku nikimuuliza maumivu yalianza lini. Sikujifuta vizuri.

Kisha nikaweka viganja vyote viwili kiunoni mwake. Akaruka.

"Mikono yako iko baridi sana, daktari," akalalamika.

"Pole, mwalimu. Kiazi changu ulikitupa."

Chini ya viganja nikahisi mgongo wake wote ukikaza, polepole, kuanzia kiunoni hadi shingoni, nikajua amenikumbuka. Sikuondoa mikono.