Fukusi Waliolala

Mfuko ulionyonywa hewa haufunguliwi kabla siku zake hazijaisha. Zuleika aliishika kanuni hiyo kwa misimu kadhaa, na ndiyo maana wajane wa polisi walimkabidhi ufunguo wa stoo yao mtaani Kansanga. Humo walihifadhi maharage yao yote ya mbegu katika mfuko mmoja wa namna hiyo, ya kupeleka mashambani kwao Kitgum mvua zikianza.

Aliyemfundisha kutumia pampu ya kunyonyea hewa alimweleza wazi. Fukusi, mdudu anayetoboa maharage, hana mapafu. Hupumulia vitundu vilivyo ubavuni. Hewa ikipungua huviacha wazi, apate kile kidogo kilichobaki, kisha hulegea na kulala kama maiti. Hajafa. Hufa polepole, maji ya mwili yakimtoka kwa vitundu hivyohivyo. Hewa ikirudi mapema, naye huamka.

Mwaka huu, siku hazijafika hata nusu, mjane mmoja, Joska, alikuja na mzigo kichwani. Mama yake alikuwa amefariki, na basi la Kitgum lilikuwa linaondoka jioni.

"Zuleika, nipe mbegu yangu. Nikishafika huko, nani atanirudisha?"

"Bado, dada. Wadudu wako hai."

Joska aliutazama mfuko, akacheka huku machozi yakimtoka. "Hawa? Si miguu iko juu! Unangoja nini, tuwafanyie matanga na wao?"

Zuleika alijua jibu. Lakini aliona aibu kumkatalia mfiwa kwa ajili ya wadudu, akaukata mfuko. Fukusi hawakutikisika hata alipoyakoroga maharage kwa mkono. Akampa Joska fungu lake.

Kumhurumia Joska si kosa kubwa. Kosa ni kwamba aliyaamini macho yake kuliko alichofundishwa: hakuyafunga tena maharage yaliyobaki, aliyamwaga katika magunia ya kawaida. Kesho yake fukusi walikuwa wakitambaa ukutani. Mfuko mwingine hakuwa nao, na badala ya kuwaambia wenzake, alifunga mlango akamwomba Mungu.

Mvua ziliponyesha, wajane walifungua magunia wakakuta matundu na unga. Aol, mkubwa wao, hakupaza sauti.

"Ungesema siku ile, mwenzetu, tungeyapika. Watoto wangekula."

Akanyoosha mkono, akapewa ufunguo.

Mbegu ya Joska nayo ilitobolewa, haikuota. Wajane hawakupanda msimu huo, hawakula maharage yao, na Zuleika hawamkabidhi tena kitu chochote.