Ile Nzuri Aliyoniachia

Hadi leo nikikutana sokoni Katesh na aliyekuwa makamu mkuu wa shule yetu, damu inanichemka. Kisha nampa shikamoo. Ni mkubwa wangu, nitafanyaje?

Nilikuwa nafundisha fizikia Nangwa. Shule ilipata msaada wa darubini ya kutazamia nyota na kamera ya kasi. Hewa ya kwetu, chini ya mlima, haitulii. Inachezacheza kama ile iliyo juu ya moto wa kuni, na sayari inacheza nayo. Ndiyo maana kamera inapiga maelfu ya picha kwa dakika chache. Nyingi ni ukungu mtupu. Unachambua zile zilizobahatika kupigwa hewa ilipotulia kidogo, kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine, ndipo sura safi inatokea. Picha moja peke yake haifai kitu.

Mama yangu, mkulima wa kijiji cha Daudi, alikuwa anapofuka kwa presha ya macho. Kwenye tundu la darubini hakuona chochote. Alitaka kuziona pete za sayari ya Zohali kwenye skrini, kubwa, kabla macho hayajafunga.

"Fanya haraka, mwanangu," aliniambia.

Oktoba nilirekodi jioni tatu mfululizo. Siku ya nne nikakuta faili zangu zimefutwa kwenye kompyuta ya shule. Makamu alihitaji nafasi ya video ya mahafali.

"Mwalimu, umejaza picha ile ile moja, tena mbovu," alisema, akitabasamu. "Nimekaa toka asubuhi nachagua. Nimekuachia ile nzuri."

Moja! Chenga tupu, pete zimekaa kama masikio ya mbuzi. Hata kikapu cha takataka cha kompyuta alikuwa amekimwaga, mtu msafi yule. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilitaka kumwambia, tena kwa matusi. Nikasema, "Asante, mzee." Asante ya nini? Nilijichukia kwa hiyo asante.

Mvua zikaziba anga, na zilipoisha Zohali ilikuwa imeshapotelea upande wa jua. Kiangazi kilichofuata nilianza upya. Picha ikatoka safi, hata ule mwanya mweusi kati ya pete ukaonekana. Nikaenda nayo Daudi, nikaweka kompyuta mezani mbele ya mama.

Akainama, akakaza macho kwa muda mrefu.

"Pete nzuri sana, mwanangu," akasema.

Kompyuta nilikuwa bado sijaiwasha.