Thumuni ya Inchi ya Verlin Stuckey

Kwa miaka ishirini na sita Verlin Stuckey alikuwa skauti, msaka vipaji, wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Omaha, na katika miaka hiyo yote hakumzawadia binadamu yeyote hata thumuni ya inchi, ile sehemu yake moja ya nane. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Akipima mkono wa kijana na utepe ukaangukia katikati ya mistari miwili, aliandika ule wa chini. Ukiangukia juu ya mstari barabara, aliandika ule wa chini vilevile. Vijana hujinyoosha, alieleza. Bahili wengine hubana fedha. Yeye alibana mikono ya watoto wa watu.

Kazi yenyewe ni ya watu wenye akili nyingi mno. Timu ikitaka kujua kama kijana wa chuo anaweza kucheza mpira, inamvua shati, inampima kiganja, inamrukisha juu, inamuuliza angekuwa mnyama angependa kuwa yupi, kisha inampa alama. Mpira wake hutazamwa muda ukibaki.

Verlin, maskini, alipenda kuutazama. Mwaka ule alimtazama Colby Brandvold, mtoto wa mkulima wa viazisukari kutoka chuo kidogo cha Dakota Kaskazini, ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa kumkinga mrusha mpira asivunjwe mbavu. Alimtazama katika mechi kumi na moja, na mara zote kumi na moja alirudi kwenye gari akitabasamu peke yake. Mkewe, Jolene, alisema tabasamu hilo nyumbani halijawahi kufika.

Siku ya vipimo chuoni kwa Colby, theluji ilifunga barabara. Kati ya maskauti wote waliotarajiwa alifika Verlin peke yake, akilifuata polepole gari la kusukuma theluji huku kahawa ikimmwagikia mapajani. Kwa hiyo duniani kote urefu wa mkono wa Colby aliujua yeye tu. Utepe ulisema inchi thelathini na tatu kamili. Verlin akaandika thelathini na mbili na thumuni saba, akatia sahihi.

Na Omaha walikuwa na sheria: mkingaji mwenye mkono chini ya inchi thelathini na tatu hachezi kwao. Aliitunga kocha mmoja wa zamani, ambaye baadaye alifukuzwa kwa kufungwa kila wiki, lakini busara yake ilihifadhiwa.

Ikafika jioni ya timu kupokezana zamu kuchagua vijana. Wakubwa wa Omaha walikaa mbele ya ukuta uliojaa kadi za majina, na meneja wao, Grant Pelletier, alikuwa amesimama na kidole juu ya kadi ya Colby.

"Dakika nne, zamu yetu," alisema. "Verlin, huyu mkulima wako mpira anaujua, miguu anayo. Mkono ndio umetuangusha."

"Umepungua thumuni tu, bosi."

"Sheria ni sheria. Angekuwa na thelathini na tatu ningemchukua sasa hivi. Ila humu ndani namba za mtu mmoja tu sizitilii shaka, zako. Ndiyo maana mkataba wako mpya uko mezani kwangu, bado sahihi yangu tu."

Mkataba wa zamani wa Verlin ulikuwa unaisha wiki hiyo hiyo, na umri wake haukuwa wa kutafuta kazi nyingine. Kunyamaza kungemtosha kabisa. Akapiga moyo konde.

"Ni thelathini na tatu, bosi. Kamili. Nilipunguza."

"Ulipunguza?"

"Huwa napunguza."

"Nani mwingine?"

Verlin aliutazama ukuta. "Wote wa kwangu."

"Wa mwaka huu?"

"Tangu niajiriwe."

Kocha Boyd Hatch alipaliwa na soda. "Kwa hiyo yule Mabry tuliyemwacha kwa mkono mfupi, akaenda kubeba kombe na wenzetu?"

"Naye."

"Lo! Mzee, umetunyoa bila maji!"

Pelletier hakucheka. "Sasa nina namba ya mkono wako na namba ya mdomo wako. Ipi ya kweli?"

"Ya mdomo."

"Na kesho itakuwa ipi?" Akabandua kadi ya Dalton Creech, kijana mwenye inchi thelathini na nne na nusu, ambaye msimu mzima aliwapisha wapinzani kwa adabu kama anawakaribisha wakwe. Wakamchukua huyo. "Jumatatu uje ukusanye vitu vyako, Verlin."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa, na kijana hakusaidika hata kidogo.

Baada ya majina mawili, televisheni ilitangaza kwamba Tulsa wamemchagua Colby Brandvold. Mama yake alionekana akipiga mayowe sebuleni. Pelletier aligeuka.

"Tulsa nao wana sheria kama yetu. Walimpima lini?"

"Hawakumpima. Theluji iliwashinda."

"Sasa walijuaje?"

"Walimtazama akicheza, bosi."

Hakuna aliyecheka, hata Hatch. Verlin aliona haya kuliko wote. Yeye alikuwa amemtazama mara kumi na moja, na bado akampunguzia thumuni.