Vidole vya Kuchagulia Msasa

Kwanza niseme wazi: Athumani Chinyele hakuwa mhunzi, na aliyemwita mhunzi alimkera. Mhunzi alikuwa kaka yake, Hassani, aliyekata springi za malori mabovu, akazipasha moto na kuzigonga mpaka zikawa visu. Visu hivyo vilitoka kwa Hassani vikiwa vyeusi, vimejaa alama za tupa, na hapo ndipo kazi ya Athumani ilipoanza. Yeye alikuwa msugua visu. Ukiona kazi hiyo ni ndogo, chukua kipande cha springi ukisugue mpaka uyaone meno yako ndani yake, halafu tuzungumze.

Nyumba yao ilikuwa kijijini, nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa Naliendele. Miaka ile ya sitini wapishi wa bandarini, wachinjaji wa sokoni na wagema wa pwani yote mpaka mdomo wa Ruvuma walivijua visu vya Athumani. Hewa ya kule ina chumvi, na chumvi hupenda mikwaruzo. Bapa likiachwa na michirizi ya tupa, wiki ya pili kutu imeshaingia. Visu vya Athumani vilikaa miaka bila kutu, kwa sababu hakuacha hata mchirizi mmoja.

Ufundi wake wote ulikuwa katika kuchagua msasa. Alianza na ule mkali wa kula alama za tupa, akisugua kwa kukatiza upana wa bapa. Alipobadili msasa alibadili na upande, akasugua kwa urefu. Akiona michirizi ya mwanzo bado inakatiza, alijua amefanya haraka, akarudi nyuma. Msasa aliuzungushia kipande cha mbao ya mninga ili vidole visichimbe bapa, na kati ya msasa na msasa aliosha kisu, mbao na mikono, maana chembe moja ya msasa mkali ikisalia inaharibu kazi ya siku nzima. Mwisho kabisa alitumia majani makavu ya mti wa msasa, yale ambayo bibi zetu waliyatumia kabla karatasi hazijaletwa madukani, halafu majivu yaliyochekechwa na mafuta ya nazi.

Karatasi alizinunua mjini, zikiwa na namba mgongoni. Alizichana vipande vyembamba ili zidumu, namba ikasalia kwenye kipande kimoja, vingine vyote vikawa havina jina. Vyote vililala pamoja ndani ya kopo la biskuti, na Athumani hakujali. Alitia mkono koponi huku anaongea na wageni, ncha ya kidole cha shahada ikapita juu ya vipande viwili vitatu, na alichokitoa kilikuwa ndicho alichokitaka. Watu walikuja kumjaribu, wakamfunga kitambaa machoni, wakaondoka wameshindwa. Mkewe, Somoe, alikuwa akisema kwamba mumewe ana macho kumi na mawili, na mabovu ni yale mawili ya usoni.

Basi mwaka 1969, korosho zikiwa zimekwisha kuvunwa, Somoe akamwona mumewe ametoa kipande cha msasa, amekisogeza sikioni, na anapitisha ukucha juu yake.

"Baba Zainabu, msasa umekuwa redio siku hizi?" akamtania. "Habari za Dar es Salaam zinasemaje?"

Athumani akacheka, tena akacheka kupita kiasi. Msasa mkali hukwaruza kwa sauti nene, ule laini hunong'ona, na hilo alikuwa amelijua miezi minne tu iliyopita, ncha za vidole vyake zilipoacha kumwambia chochote. Mwanzoni alidhani ni sugu. Akaviloweka kwenye maji ya moto, akavipaka mafuta ya nyonyo. Halafu likatokea baka begani, limepauka kuliko ngozi, akalichoma kwa mwiba wa mlimau na lisiume. Alijua ni nini. Watu wote wa kule walijua, na hakuna aliyependa kulitamka jina lake.

Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni hiki: nani atakatia kitoweo chake kisu kilichosuguliwa na mwenye ukoma? Na Somoe je? Wajomba zake wa Nanyamba wangekuja kumchukua kabla ya juma kwisha, binti yake Zainabu alikuwa ameshaolewa, na yeye angebaki peke yake na kopo la biskuti. Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea kusikiliza.

Lakini sikio haliwezi kuwa kidole. Esta, nesi wa zahanati, mtu wa Upareni, aliagiza kisu cha kumpelekea baba yake. Athumani akakisugua siku nne, kikawa kimebakiza msasa wa mwisho. Siku ya tano upepo ulikuwa mkali, mikorosho inapiga kelele juu ya paa, na yeye akachagua kipande katika kelele hizo. Akavuta mara moja tu, kutoka mpini hadi ncha. Mchirizi ukaingia bapani, mrefu na mnene, katikati ya kazi yote ile.

Hapo akafanya jambo ambalo baadaye alilionea haya maisha yake yote. Akamgeukia mkewe.

"Wewe ndiye umeuchanganya msasa wangu! Umetia nkono wako humu!"

"Mimi? Kopo lako naligusa lini?"

"Ntu gani mwingine yumo humu ndani?"

Somoe hakuwa mwanamke wa kusingiziwa. Akaliinamisha kopo, vipande vikamwagika mkekani, akafumba macho na kuanza kuvipanga kwa vidole, vikali huku, laini kule. Vidole vyake vilikuwa vya kusuka ukili tangu utotoni. Alivipanga vyote bila kukosea.

"Haya, nani kauchanganya?" akasema. "Hiki na hiki hata kuku angevijua."

Akafumbua macho, akamtazama mumewe, na utani ukamwisha mdomoni. Athumani alikuwa ameshika vipande viwili, kimoja kila mkono, anavipapasa mfululizo.

"Mimi naona yote sawa," akasema. "Mama Zainabu, yote sawa."

Somoe akamshika mkono, akaugeuza. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na jeraha la siku nyingi, lenye kina, na vumbi la chuma limejaa ndani. Mwenyewe hakuwa na habari nalo. Wakakaa hapo mkekani wakilia, na hakuna aliyeweza kumbembeleza mwenzake.

Esta alipokuja kukichukua kisu, Somoe akamweleza yote. Esta hakurudi nyuma wala kuziba pua. Akaushika ule mkono kama anavyoshika mikono mingine.

"Mzee Athumani, dawa ipo," akasema. "Utapelekwa kwenye kambi ya matibabu huko bara, miaka miwili au mitatu. Ugonjwa utasimama. Lakini ganzi iliyokwisha kuingia vidoleni, sitakudanganya, hiyo haitatoka."

"Na kisu chako, Sista?"

"Nitakichukua kikiwa tayari."

Lori la kumpeleka kambini lilikuwa la siku ya kumi. Siku zote hizo Athumani alimfundisha Somoe kazi. Alimwonyesha kubadili upande, kuosha mbao, kumalizia kwa mvuto mmoja usiokatika. Kuchagua hakumfundisha, hakukuwa na haja. Aliviangalia vile vidole vikiingia koponi na kutoka na kipande chenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu baka litokee akalala usingizi wa kweli.

"Vidole vyangu nakuachia wewe," akamwambia siku ya kuondoka. "Siku utakapouondoa mchirizi huo wa kisu cha nesi, nitajua kazi haijafa."

Kambini alimeza vidonge, akalima bustani, akaosha vidonda, akangoja barua. Somoe hakujua kusoma wala kuandika, hata namba hakuzijua, hivyo Esta ndiye aliyemwandikia maneno yake. Wajomba walikuja, nikawafukuza. Zainabu amejifungua. Visu vinang'aa. Barua ya mwaka wa pili ilisema: Kile cha mchirizi nimekimaliza, kinatazamika. Athumani aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Wenzake wakichoka na maisha ya pale, yeye aliwahadithia juu ya mkewe anayechagua msasa amefumba macho.

Alirudi mwaka 1973. Ugonjwa ulikuwa umekwisha. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja, vilivyobaki vimekufa ganzi. Esta alikuwa amehamishwa, Hassani amehamia kijiji kipya na mivukuto yake. Somoe alimpokea mlangoni, amekonda, mikono ameificha ndani ya kanga. Akampa maji, akampa ugali wa muhogo, na Athumani akala upesi upesi kwa sababu alikuwa na lake moyoni.

"Nionyeshe kile kisu."

Somoe akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kitambaa chenye mafuta. Athumani akakifungua. Mchirizi ulikuwa pale pale, kutoka mpini hadi ncha, na ndani yake imekaa kutu.

"Nilikudanganya, Baba Zainabu, na nesi nilimsihi aandike hivyo," akasema Somoe. "Ulipoondoka tu, watu wakaacha kununua. Walisema nyumba hii ina ugonjwa. Hata shemeji visu vyake akavipeleka kwa ntu mwingine. Nikaenda kubangua korosho. Ningekula nini?"

"Na hiki kimoja je? Hiki hakikuwa cha kuuza."

Akaitoa mikono nje ya kanga. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, zimebabuka na kupona na kubabuka tena, ngozi imekuwa ngumu na yenye kung'aa. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yamezila miaka mitatu. Athumani akazipapasa kwa vidole vyake. Hakuhisi kitu, na kwa uso wa mkewe akaona kwamba naye hahisi.

"Nilijaribu," Somoe akasema. "Wallahi nilijaribu. Lakini tutakimaliza leo."

Akalivuta kopo la biskuti, lililoshika kutu pembeni. Vipande vilikuwa vimelowa unyevu wa miaka. Akatoa kimoja, akakisogeza sikioni, akapitisha ukucha juu yake taratibu, macho ameyafumba.

Machozi yalimtoka Athumani, lakini utani ukamjia wenyewe.

"Redio inasemaje, Mama Zainabu?"

Somoe akatabasamu bila kufumbua macho. "Inasema hiki ndicho laini."

Mgongo wa karatasi ulikuwa umemwelekea Athumani. Kilikuwa ni kipande chenye namba, themanini, ule msasa mkali wa kula alama za tupa. Aliisoma namba hiyo vizuri kabisa.

"Ndicho hicho," akasema. Akamshikia kisu kwa viganja vyote viwili, na Somoe akaanza kusugua.