Mtoto Aliyekataa Majina

Wifi yangu Swafia, mke wa kaka yangu Umar, alikuwa mtu wa kucheka. Pale soko la Matungu wateja walimfuata kwa utani kwanza, nyanya baadaye. Kisha akamzaa Abu, na Abu akawa mtoto wa kulia. Halazwi, habebwi na mgeni, hata jogoo akiwika anashtuka mwili mzima.

Swafia naye akabadilika. Kila mara alimwekea mtoto mkono kifuani kuona kama anapumua. Sufuria ingeungua mbele yake asiione.

"Fauzia," aliniambia, "huyu mtoto hanipendi."

Nikaosha sufuria.

Mama yetu, Bi Asiya, hakukosa jibu. Kwetu mtoto anayelia bila ugonjwa amekataa jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Basi huitiwa majina ya waliokufa, na pale atakaponyamaza, hilo ndilo lake. Imamu hapendi mambo hayo, lakini imamu halali na Abu.

Mimi nikasema twende zahanati kwanza. Nesi akampima Abu, akamkuta mzima. Akamgeukia mama mtu: "Na wewe, unalalanga?"

Swafia akatikisa kichwa. Nesi akatueleza kwamba hofu na huzuni ya mama humfikia mtoto, na mtoto aliyezaliwa mwepesi wa kushtuka naye humchosha mama. Akamwomba Swafia arudi wazungumze. Nikauliza, sasa nani alianza? Akasema mara nyingi haijulikani. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Nyumbani nilipomsimulia, mama alishika nusu ya maneno hayo. "Kumbe mama yake ndiye anamliza! Leo tunamwitia majina. Asiponyamaza, naenda naye kwangu nimlee."

Swafia hakubisha. Hilo liliniogopesha kuliko kilio chote cha Abu.

Mama akampakata Abu, akaanza. Osman. Kilio. Wanzala, babu wa kabla ukoo haujasilimu. Kilio. Hata Zipporah, shangazi aliyeolewa na Wakristo wa Lugari, aliitwa. Majina yakaisha. Mama akamfunga Abu mgongoni kwa leso, akanyoosha mkono apewe mfuko wa nguo za mtoto. Swafia akauinua, ukamponyoka, ukaanguka mlangoni.

Mama akasahau marehemu wote. "Swafia," akasema, "mwanangu, una nini?"

Tangu ajifungue sote tulimwita Mama Abu; jina lake hakuna aliyelitaja. Swafia akaketi chini akalia kwa sauti, bila kujificha uso. Na Abu akanyamaza. Alichungulia kutoka mgongoni, akamkodolea mama yake macho.

"Sasa hii ni nini?" mama akaninong'oneza. "Mtoto hapewangi jina la mtu aliye hai!"

Pengine Abu alishangaa tu, maana haikupita muda akaanza tena, kwa nguvu mpya. Lakini mama alikuwa amekwisha kumfungua na kumweka mapajani pa Swafia, naye akakaa sakafuni kando yao. Mfuko hakuna aliyeuokota.

"Kesho tunarudi kwa huyo nesi, sote," akasema. Kisha akamgusa Swafia bega. "Mara ya mwisho ulilala lini?"

"Sijui, mama," Swafia akajibu, na mama akamfunika kwa leso.